Wapeni mabinti saa yao

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 21 Oktoba 2024, niliamka saa tisa kasoro kutazama gemu ya tano ya fainali ya WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani, kwenye simu. New York Liberty na Minnesota Lynx walitoka sare 60 kwa 60, wakaenda muda wa nyongeza, Liberty wakashinda 67 kwa 62. Timu hiyo ipo tangu ligi ilipoanza 1997, ilishapoteza fainali tano, na sasa ndiyo ilikuwa inabeba kombe kwa mara ya kwanza. Ukumbi wa Barclays Center pale Brooklyn ulijaa watu zaidi ya 17,000. Machozi yalinitoka, nami si Mmarekani.

Yalinitoka kwa sababu nilikumbuka 2018. Mwaka huo wenye timu waliihamisha kutoka Madison Square Garden, katikati ya jiji, wakaipeleka White Plains, nje kabisa, kwenye ukumbi wa watu kama 5,000. Msimu wa kabla yake walikuwa wakiingiza karibu watazamaji 10,000 kwa gemu. Kule White Plains hawakufika 3,000. Ungeingia mle ndani siku ile ungesema kikapu cha wanawake hakina mashabiki, na ungeona una ushahidi wa macho.

Mwaka 2019 tajiri Joe Tsai akainunua timu, kisha ikahamia Brooklyn. Wachezaji wakubwa wakafuata: Sabrina Ionescu akaja 2020, Breanna Stewart na Jonquel Jones wakaja 2023. Pesa ilitumika, sifichi. Lakini nyota wa daraja lile hawaendi kucheza mahali ambapo mwenye timu mwenyewe amewaficha.

Turudi Dar. Msimu uliopita binti wa kaka yangu aliniambia, "Shangazi, tunacheza Jumamosi saa kumi na mbili jioni, usikose." Nikatoka kazini mapema, nikapanda daladala mbili, nikafika saa kumi na moja na nusu. Gemu ilishachezwa saa sita mchana. Ilisogezwa siku ileile ili wanaume wapate taa. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, bado ana jezi, ananingoja. Waliotazama ni watu wachache tu, akaniambia, na sakafu ilikuwa inachoma mpaka kwenye soli. Kisha jioni ikafika, uwanja ukafurika, na jamaa mmoja pembeni yangu akasema wanawake hawana mvuto.

Hawana mvuto saa sita mchana, juani, bila tangazo! Nani anao?

Wanaofuatilia ligi ya mkoa wanajua JKT Stars, Vijana Queens na DB Lioness wakikutana ni shughuli nzito. Mabinti wale wanakaba, wanakimbia, wanatupia pointi tatu bila woga. Wanachokosa ni saa inayojulikana. WNBA yenyewe ilipoanzishwa ilipewa msimu wake wa kiangazi, wakati NBA, ligi ya wanaume, imepumzika, ili isigombanie kumbi wala macho ya watu. Hilo lilipangwa kabla mpira wa kwanza haujarushwa.

Ninachoomba ni kidogo. Jumamosi moja kila wiki, saa kumi na mbili jioni, kiwanja chenye taa, gemu kubwa ya wanawake, na ratiba isiguswe. Kama ni lazima wacheze siku moja na wanaume, basi wacheze muda mfupi kabla yao, watu wakiwa wameshaanza kuingia. Tuipe misimu mitatu ndipo tuhesabu vichwa.

Kila mtu hapa mjini atakusimulia Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alivyochaguliwa na Memphis Grizzlies, namba 2 kati ya wachezaji wapya wote waliochaguliwa na timu za NBA mwaka 2009. Ni haki yake, ametupa heshima. Ila wachache wanamjua Mwadi Mabika, mwanamke wa Kinshasa, jirani yetu kabisa, aliyeanza na Los Angeles Sparks ya WNBA mwaka uleule wa 1997 na kutwaa ubingwa 2001 na 2002. Mabinti wetu wanastahili kulijua jina hilo kama wanavyolijua la Thabeet.

Gemu ijayo ya binti wa kaka imepangwa Jumapili saa tatu asubuhi. Safari hii nitafika saa moja, na nitawabeba majirani watatu.