Nimeperuzi, Mama, Nimeperuzi!

Jamani, Kiingereza kitanifilisi. Mama mwenye nyumba alinitumia mkataba wa pango kwa WhatsApp, kurasa 7, Kiingereza kitupu, ilhali kodi yenyewe huidai kwa Kiswahili tena cha mkoa. Chini kaandika: "Kindly peruse and sign."

Nikacheka. Kuperuzi? Mimi tena! Si ndiyo kazi yangu tangu naamka: naperuzi Instagram chooni, naperuzi umbea kwenye daladala huku nimening'inia kwa mkono mmoja. Nikaupitisha mkataba kwa kidole gumba, shwaa! Tumetoka Ubungo, Manzese hatujafika, nimeshasaini.

Juzi likaja gari la maji taka kunyonya choo. Bili nikaletewa mimi.

"Mama, hii si yako?"

"Ukurasa wa 5, Baba Neema. Si nilikwambia uperuzi?"

"Nimeperuzi!"

"Ungeperuzi ungeona."

Neema wangu, yuko kidato cha tatu, akafungua kamusi ya Kiingereza. Weee! Kumbe neno lenyewe ni kama chapati, lina pande mbili: kusoma kwa makini neno kwa neno, na pia kupitiapitia juujuu. Kitenzi kimoja hichohicho! Sasa ukiambiwa hivyo ushike lipi? Waswahili tumechukua ile nyepesi tukaingia nayo mtandaoni. Wenye mikataba wamebaki na ile nzito, na ndiyo inayokuja na bili.

Mtoto kwa kiherehere chake akaongeza kwamba hata Hamlet, yule kijana wa kwenye tamthilia ya Shakespeare, yalimkuta. Mfalme Claudius alipanga njama akijua kijana hatazikagua panga kabla ya pambano, na neno alilotumia ni hilohilo, "peruse". Kweli hakuzikagua. Upanga mmoja ulikuwa na ncha ya kweli, imepakwa sumu. Akafa. Mimi angalau ni choo tu.

Kilichoniuma ni asili yake. Karne ya 15, neno likiwa bado changa, lilimaanisha kutumia kitu mpaka kiishe, kichakae kabisa. Nikazitazama kandambili zangu, kisigino kimeliwa mpaka nagusa sakafu. Hizo zimeperuziwa. Nikafungua pochi nihesabu hela ya gari la choo.

Nayo pia.