Kijana mmoja, madaftari 32

Mwishoni mwa mwezi wa pili hapa Indianapolis, baridi ikiwa bado inakata masikio, vijana zaidi ya 300 huletwa uwanja wa Lucas Oil kupimwa kama ng'ombe wa mnada wa Pugu. Mpira wenyewe ni ule wa Wamarekani, wa kubebwa mikononi. Wanapimwa urefu, uzito, hata shubiri: kuna mtu kazi yake ni kumtandaza kijana kiganja na kusoma kutoka gumba hadi kidole cha mwisho. Wanakimbia yadi 40, kama mita 36 na nusu. Mwaka 2024 Xavier Worthy alizimaliza kwa sekunde 4.21, haijawahi kutokea pale.

Namba hizo timu zote 32 za NFL, ligi yao kuu, zinazipata, kisha zinachukua vijana kwa zamu, mmoja mmoja. Nilipofika huku nilidhani basi na orodha zao za wanaowataka zitafanana. Wapi! Mwaka 2017 Chicago Bears walipanda toka nafasi ya tatu hadi ya pili wamwahi Mitchell Trubisky awe mrusha mipira wao. Patrick Mahomes, aliyekuja kuwa nyota kumpita, akabaki mpaka nafasi ya 10, wakamchukua Kansas City Chiefs. Hao walikuwa na Alex Smith tayari, kwa hiyo kijana alikaa benchi karibu msimu mzima akijifunza. Wengine wengi walikuwa wanatafuta mtu wa kucheza Jumapili ijayo.

Ninayempenda zaidi ni Jordan Mailata. Mwaustralia, mcheza raga, urefu kama mita mbili, mchezo huu hajawahi kuucheza hata mechi moja. Mwaka 2018 Philadelphia Eagles walimchukua wa 233, kwa sababu walikuwa na mwalimu, Jeff Stoutland, wa kumpika kuanzia mwanzo. Februari 2025 walibeba ubingwa naye yumo. Timu isiyo na Stoutland ingemwandika sifuri, na isingekuwa imekosea.

Hapo ndipo ninapowaonea wivu. Sisi Simba wakimtaja mtu leo, kesho Yanga nao wanamtaka, na bei inapaa kabla hajakanyaga Dar. Muulize shabiki anakuja kuziba pengo gani, atakujibu: bora tumemwahi, jirani asimpate. Kijiweni inachekesha, ila si namna ya kutumia hela.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, winga wa kushoto wa mchangani huko Mbagala. Alikwenda majaribio ya klabu moja, siitaji. Vijana kama 60, kila kundi dakika 15. Mpira ulimfikia mara mbili. Mwenye filimbi akamwambia mwili mdogo, rudi mwakani. Mwakani akarudi, wakamuuliza jina upya, kama hajawahi kufika. Kukataliwa sina neno nako, Mahomes mwenyewe alirukwa na timu kibao. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyeandika hata mstari mmoja: fulani, kushoto, mwepesi, aongeze mwili. Daftari la kaunta lina bei gani jamani?

Jicho tunalo, hilo sibishi. Samatta hakupimwa shubiri; TP Mazembe walikutana naye uwanjani mwaka 2011 akiwa Simba, wakamchukua. Na huku si peponi: kijana hachagui timu, aliyekuita ndiye bosi wako, hata kama mji wake huupendi. Mtu wa kwetu angegoma.

Juzi nilimtumia mdogo wangu video ya wale wanaopimwa viganja. Siku hizi anaendesha bajaji, Jumapili bado anacheza. Akanirudishia sauti, anacheka: "Kaka, mkono nimeelewa. Sasa guu la kushoto wanalipimaje?"

Bado sijamjibu.