Paa la Kariakoo lina la kutufundisha

Majengo mapya yanayoota katikati ya Dar es Salaam karibu yote yanavishwa vioo kuanzia chini hadi juu. Jua la saa nane mchana linapenya hadi mezani, viyoyozi vinanguruma kutwa, na umeme ukikatika watu wanatoka nje kutafuta hewa. Mji huu una upepo wa bahari wa bure, halafu tunauzibia njia!

Natamani kila mwanafunzi wa usanifu majengo apelekwe soko la Kariakoo, asimame katikati yake, ainue macho. Soko hilo lilibuniwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyekuwa miongoni mwa wasanifu wa kwanza Waafrika katika ukanda wetu, likafunguliwa mwaka 1975. Juu hakuezeka bati. Alisimamisha nguzo ndefu za zege, kila moja ikachanua kama mwamvuli uliopinduliwa. Mvua ikinyesha, maji yanakusanyika humo badala ya kummwagikia muuza nyanya. Mchana kuna kivuli, na kwa kuwa pembeni hapakuzibwa, joto la umati linapata pa kutokea. Chini akaweka shimoni kwa ajili ya mizigo. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya, na nashukuru kwamba lilikarabatiwa badala ya kubomolewa.

Sasa nenda Karume, si mbali na hapo. Machinga Complex ilijengwa kwa nia njema kabisa: kuwapa wamachinga mahali pao, ghorofa juu ya ghorofa. Kwa miaka mingi vizimba vya juu vilikaa vitupu. Mteja wa machinga ni mpita njia. Ananunua soksi akiwahi daladala, hapandi ngazi kuzifuata. Machinga yeyote angeulizwa mapema, angelisema hilo kabla hata msingi haujachimbwa.

Ndiyo maana kwangu mimi uendelevu wa jengo, yaani kulijenga lidumu na kufaa bila kupoteza nishati, hauanzi na paneli za sola juu ya paa. Unaanza na kumjua atakayekaa humo, anaingilia wapi, jua linamchoma saa ngapi. Halmashauri zetu hukagua nguzo na vyoo kabla ya kutoa kibali cha ujenzi, na ni sawa. Zidai pia mchoro unaoonyesha upepo utapitaje, kivuli cha mtembea kwa miguu kitaangukia wapi na mama lishe ataweka wapi jiko lake. Mchoraji asipokuwa na jibu, ramani irudi mezani kwake.