Aje Mwenye Nyumba

“Aje mwenye nyumba.” Karani alisema bila hata kuinua macho. Mama aliyekuwa mbele yangu kwenye dirisha la ofisi ya jiji alikuja kushtaki chemba: wiki ya pili inafurika, majitaka yanapita mlangoni pake, watoto wanarukia matofali waende shule. Ni mpangaji. Hati ya nyumba hana, na mwenye nyumba hapokei simu. Akanigeukia: “Mwanangu, kwani mimi naishi wapi?”

Sasa kila nikisikia tena habari ya kuliandikia jiji hati ya haki za wakazi, yaani maandishi ya kile jiji linachowaahidi wanaoishi humo, nina swali moja kwenu mnaoitaka, kabla hamjafika kwenye dibaji yenu tamu. Mkazi ni nani? Mkiruka hapo, hizo haki za maji, makazi na hewa safi zitaishia kwa wenye hati za nyumba, ambao hata leo karani huwainulia macho. Mpangaji analipa, jamani. Kodi ya jengo mnadhani mwenye nyumba anaitoa wapi kama si kwenye pango? Mchuuzi wa barabarani anatozwa ushuru asubuhi na mapema, hakuna anayemuuliza kitambulisho. Adai choo cha umma ndipo aulizwe amesajiliwa wapi. Wakati wa kukusanya sote ni wakazi. Wakati wa kuhudumiwa tunachambuliwa kama karanga.

Montreal, kule Kanada, hawakuzunguka. Hati yao ya haki ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2006, na humo raia wa jiji ni mtu yeyote anayeishi jijini. Basi. Hati ya Ulaya ya haki za binadamu mijini, iliyopitishwa Saint-Denis, Ufaransa, mwaka 2000, nayo inamhesabu kila anayekaa mjini, uraia wake uwe wowote. Seoul, Korea Kusini, mwaka 2014 kamati ya wananchi iliandika ya kwao, serikali ya jiji ikakataa kuitangaza, na ugomvi ulikuwa huohuo: nani atajwe kwenye kifungu cha kukataza ubaguzi.

Haya, nakubali kwa shingo upande: karatasi haizibui chemba. Hata hiyo ya Montreal huwezi kuifungulia kesi mahakamani. Ukionewa unakwenda kwa mchunguzi wa malalamiko wa jiji. Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilicheka. Sicheki tena. Yule mama hakutafuta wakili. Alitaka mtu mmoja tu, mwenye ofisi na mlango, ambaye kazi yake ni kumuuliza karani: kwa nini umemrudisha? Na karani alazimike kujibu. Hati isiyo na mtu huyo ni ya kutundikwa mapokezini, karibu na picha za waheshimiwa.

Na mkitaka hati itaje pia wajibu wa wakazi, ndiyo, tusitupe taka ovyo. Tumesikia.

Mama akaondoka, fomu yake imekunjwa mara nne kiganjani. Nikasogea dirishani. Sijafungua mdomo, karani akauliza:

“Wewe ni mwenye nyumba?”