Anayekula Mandari na Abebe Sufuria

Siku ya ibada kwa wengi wetu hapa Lamu ni Ijumaa. Jumapili ina heshima yake nyingine: ofisi zimefungwa, shule zimefungwa, ndugu anayefanya kazi Mokowe, upande wa bara, yuko nyumbani, na watoto wa madrasa wanaweza kuombewa ruhusa kwa mwalimu. Ndiyo siku ambayo ukoo mzima unapatikana, na kwa hiyo ndiyo siku ya mandari. Naipenda mandari sana, na kwa mapenzi hayo nataka kusema jambo ambalo najua litawaudhi baadhi ya ami na wajomba zangu. Mandari zetu ni mapumziko kwa nusu ya familia. Kwa nusu ya pili, yaani akina mama na mabinti, ni kazi ya nyumbani iliyopakiwa chomboni na kwenda kufanywa juani.

Yaliyotokea Takwa ndiyo yaliyonifanya niandike.

Ilikuwa Mfunguo Mosi, Idi imeshapita, waliofunga zile siku sita za baada ya Idi wamezimaliza, na watu wana hamu ya kutoka. Takwa iko kisiwa cha Manda, mwisho wa mkondo mwembamba unaopita katikati ya mikoko. Ni magofu ya mji wa Waswahili uliostawi kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha watu wakauhama. Kuta za msikiti wake wa Ijumaa bado zimesimama, na juu ya ukuta wa kibla kuna nguzo. Pembeni kuna kaburi lenye nguzo ndefu ambalo watu wa Shela, kijiji cha kisiwani kwetu Lamu, huenda kulizuru na kuomba mvua, kwa kuwa wazee husema waliotoka Takwa ndio waliohamia Shela. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za mji ule kuhamwa ni maji ya visima kuingia chumvi. Ukienda mandari sababu hiyo unaielewa upesi, maana kila tone la maji ya kunywa na ya kupikia lazima libebwe kutoka ng'ambo.

Na Takwa huendi saa unayotaka wewe. Mkondo ule ni wa maji kujaa. Yakikupwa, unabaki na tope. Saa ya maji kujaa huchelewa kadiri ya dakika 50 kila siku, ndiyo sababu nahodha haulizi ni Jumapili gani, anauliza mwezi umefika siku ya ngapi. Mwezi ulikuwa umefika siku ya kumi na moja. Akahesabu, akatuambia maji yatajaa karibu na saa saba mchana: tuingie kabla ya hapo, na saa nane na nusu kila mtu awe amekaa chomboni. Alisema mbele ya wote, wanaume kwa wanawake.

Mama na mama mkubwa waliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Mimi na binamu zangu tukafuata. Nazi zilikunwa kwa mbuzi mmoja tuliye naye, tukipokezana, mpaka viganja vikawa vyekundu. Tui la kwanza likatengwa, la pili likaingia kwenye mchuzi wa kamba. Nyama ya pilau ilikuwa imelazwa na tangawizi na thomu tangu jana yake. Vitunguu vikakaangwa mpaka vikashika rangi ile ya kahawia iliyokolea, maana mama hakubali pilau nyeupe. Mkate wa sinia ukapaliwa makaa juu na chini. Sambusa zilifungwa usiku, asubuhi zikabaki kukaangwa. Wakati huo kaka zangu walikuwa wamelala, na ami zangu wako barazani na kahawa. Siwasemi vibaya. Hakuna aliyewaambia waingie jikoni, na hilo ndilo tatizo lenyewe: hakuna aliyewahi kuwaambia.

Mikasa ilianza njiani. Punda aliyebeba vyombo alikutana na punda mwingine mwenye mawe ya kujengea kwenye kichochoro ambacho hata watu wawili hupishana kwa ubavu. Wakakwaruzana, kikapu kikapinduka, na nyanya zote zikaingia kwenye mtaro. Hakuna mtu mwenye akili anayerudisha jikoni nyanya iliyotoka mtaroni. Kachumbari ya siku ile ikawa vitunguu, pilipili na ndimu tupu. Gatini nako, mtoto wa dada yangu alipotaka kurukia mashua alikanyaga ubao wenye maji, akateleza, akakaa juu ya kifuniko cha sufuria ya kamba. Mtoto hakuumia. Mchuzi ulimwagika karibu robo, ukaingia kwenye mbao za chombo, na harufu yake ikatusindikiza hadi ng'ambo.

Lakini chakula kilipotandikwa chini ya mibuyu ya Takwa, wallahi, sijui hoteli gani ingetupa vile. Mikeka ikatandikwa, masinia yakashuka, kawa zikafunuliwa. Bibi alikaa katikati ya wajukuu, akiwasogezea vipande vya nyama upande wao wa sinia kama alivyotufanyia sisi. Pilau ilikuwa bado na joto la sufuria. Kamba waliobaki walitosha kwa kuwa watu wazima waliwaachia watoto. Ami yangu mkubwa aliwasimulia vijana namna mji ule ulivyokuwa na ukuta kuuzunguka, akawaonyesha msikiti, nao wakasikiliza kwa makini ambayo mwalimu wa darasani angeyaonea wivu. Hii ndiyo faida ya mandari, na sitaki mtu aseme napigania ifutwe. Watoto wetu wasipokula sinia moja na binamu zao, watajuana wapi? Msibani?

Baada ya kula, wanaume walitawadha, wakaswali jamaa, kisha wakajinyoosha. Sisi tuliswali kwa zamu, kwa sababu sufuria zilikuwa wazi na nzi wameshafika. Tukavisugua vyombo kwa mchanga na maji ya bahari, tukagawa mabaki, tukafunga kahawa na halua kwa wanaotaka, tukamtafutia mtoto ndala yake, tukakunja mikeka ambayo juu yake watu walikuwa bado wamelala. Mama alikula amesimama. Nilimwangalia akitia tonge mdomoni, sahani mkono mmoja na upawa mkono mwingine, na hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili yake.

Saa nane na nusu nahodha akapiga kelele: maji yamegeuka zamani. Wanaume wakaamka, wakaenda chomboni, wakakaa. Kutoka kule ami mmoja akaita, "Nyinyi wanawake mnatuchelewesha!"

Naomba hapo tutulie kidogo. Wanawake saba walikuwa wanakusanya vyombo vya watu zaidi ya ishirini. Madumu yalikuwa yanabebwa na mama mkubwa, mwenye magoti mabovu. Wanaume wazima na vijana wa miaka kumi na sita, wenye mabega ya kubeba mifuko ya saruji, walikuwa wamekaa wanatazama saa. Nani alikuwa akimchelewesha nani? Kama mikono yote ingeinuka pamoja, kazi ile ingekwisha kabla ya kahawa kupoa.

Tuliondoka saa tisa kasoro. Hatukufika mbali. Katikati ya mikoko mashua ikaanza kugusa chini, nahodha akainua mashini, akashika upondo, akasukuma mpaka upondo wenyewe ukazama kwenye tope. Tumepwelewa. Maji yalikuwa yakitoka huku tunayaona, mizizi ya mikoko inazidi kuwa mirefu, kaa wadogo wanatoka mashimoni. Kungoja maji yajae tena ilikuwa na maana ya kukaa pale mpaka usiku, na watoto, na bibi.

Bibi ndiye aliyetoa amri. "Ndooni! Wanaume wote shukeni. Na hizo sufuria mzichukue, chombo kipungue uzito."

Wakashuka. Ami yule yule aliyeita kutoka chomboni alikunja kikoi, akaingia kwenye tope la magotini, akajitwika sufuria ya pilau kichwani. Kaka zangu wakachukua masinia, madumu na seredani. Wengine wakasukuma mashua kwa mabega, nahodha akiwaongoza waende upande gani. Hatua kwa hatua, zaidi ya saa nzima, mpaka tukafika penye kina na chombo kikaelea. Ndala za watu zilibaki kwenye tope la Manda na simu ya binamu mmoja ililowa, lakini tulifika gatini kabla ya magharibi, wote wazima, alhamdulillahi.

Sikuona hata mwanamume mmoja aliyepungukiwa na heshima kwa kubeba sufuria. Nilichokiona ni mabega yenye nguvu yakifanya kazi yaliyoumbiwa, na mama yangu amekaa chomboni, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, mikono yake iko pajani.

Najua jibu litakalokuja: jikoni ni ufalme wa mwanamke, mwanamume akiingia anavunja desturi. Desturi ipi? Kwenye harusi zetu na maulidi, pilau ya watu mia tatu hupikwa na wanaume, wanazigeuza sufuria kwa miko mirefu kama makasia, na hakuna anayecheka. Mabaharia wa majahazi tangu enzi za mababu wamejipikia wenyewe baharini, na wavuvi hadi leo wanapika wali na samaki chomboni. Wanaochoma mishkaki jioni kwenye barabara ya ufuoni ni akina nani? Mwanamume wa pwani anajua kupika. Ila tumekubaliana, bila kuandikiana, kwamba atapika kwa malipo, au kwa sifa, au akiwa hakuna mwanamke karibu. Kwa mkewe na dada zake siku ya Jumapili, hapana.

Na kwa wanaotaka hoja ya dini, ipo. Bi Aisha alipoulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa Swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Tunaisikia kwenye darsa, tunatikisa vichwa. Sasa tuifanyie kazi.

Wapo pia wanaosema dawa ni kununua chakula hotelini. Familia ya watu ishirini, kwa bei za Shela? Na hata pesa zingekuwepo, ladha ya pilau ya mama haiuzwi. Sitaki apumzishwe kwa kunyang'anywa jiko lake. Anapenda kupika. Hapendi kupika peke yake, kubeba peke yake, kuosha peke yake, kisha akaambiwa anachelewesha watu.

Kwa hiyo nimepeleka maneno kwa wakubwa kabla ya mandari ijayo kupangwa. Wavulana wote wenye umri wa kutosha kubeba dumu la maji, maji ni yao, kwenda na kurudi. Vijana wakune nazi alfajiri. Kuosha vyombo ni kwa waliokula kwanza, na waliokula kwanza siku zote ni wanaume. Mama asishike upawa baada ya chakula kushuka; apakuliwe, akae na bibi, ale mpaka ashibe. Na nahodha akiita, hakuna anayepanda chomboni mikono mitupu.

Ami amesema atafikiri, na kwamba vijana wa siku hizi hawawezi kukuna nazi bila kujikata. Bibi amesikia. Amemwambia awalete vijana hao kwake Jumamosi baada ya laasiri, wote, na kila mmoja aje na nazi yake. Kukuna atawafundisha yeye.