Kura 312 za Minnesota: Coleman alikuwa na hoja, Franken alikuwa na sheria

Asubuhi ya Novemba 5, 2008, seneta Norm Coleman wa Republican alikuwa mbele kwa kura 725 katika kinyang'anyiro cha useneta wa Minnesota, huku kura zote zilizopigwa zikikaribia milioni 2.9. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba angekuwa yeye ndiye Al Franken wa Democratic angekaa pembeni, jimbo lipate kupoa na gharama za kuhesabu upya ziepukwe. Karibu miezi minane baadaye, ni Coleman huyohuyo aliyekuwa akisubiri Mahakama ya Juu ya jimbo iamue kama kuna bahasha zaidi za kura za kufunguliwa. Wakati huo Franken ndiye aliyekuwa mbele, kwa kura 312.

Kuna simulizi mbili za uchaguzi huu. Baadhi ya wafuasi wa Republican husema kiti kiliibwa polepole, kura hamsini leo, mia kesho. Wa Democratic husema huo ni mfano wa mfumo uliofanya kazi: karatasi zilihesabiwa hadharani, majaji wakasikiliza, aliyeshindwa akakubali. Simulizi ya kwanza haina miguu, kwa sababu hata mawakili wa Coleman hawakudai mahakamani kwamba kulikuwa na wizi. Ya pili ni ya kweli, lakini imepigwa pasi mno. Coleman alionyesha kasoro halisi, za aina ambayo ingemkera mpiga kura yeyote, na bado akashindwa. Naona alistahili kushindwa.

Wagombea wenyewe walikuwa watu wa kuvutia macho. Coleman aliwahi kuwa meya wa St. Paul, akahama kutoka Democratic kwenda Republican mwaka 1996, na akakipata kiti cha useneta mwaka 2002 baada ya seneta Paul Wellstone kufa katika ajali ya ndege siku chache kabla ya uchaguzi. Franken alikuwa mchekeshaji wa televisheni, mwandishi wa kipindi cha Saturday Night Live. Kati yao alisimama Dean Barkley wa chama cha Independence, akaondoka na asilimia 15. Huyu husahaulika, ilhali ndiye aliyefanya hesabu iwe ngumu: kila mmoja wa wale wawili alibaki na takriban asilimia 42. Kwa hiyo, hata tukiamua nani alipata kura nyingi zaidi, hatujasema kwamba wengi wa Minnesota walimtaka. Jimbo la Georgia lilikuwa na raundi ya pili mwaka huohuo kwa kiti chake cha useneta. Minnesota haina utaratibu huo. Wa kwanza kwa hata kura moja ndiye mshindi.

Zile kura 725 zilianza kuyeyuka kabla hata ya kuhesabu upya. Hapo hapakuwa na maajabu. Usiku wa uchaguzi matokeo husomwa kwa simu na kuingizwa kwenye kompyuta na watu waliochoka. Katika kaunti ya Pine Franken aliandikiwa kura 24 mahali alipopata 124. Kaunti zilipohakiki karatasi zao, pengo lilishuka hadi kura 215. Kwa kuwa lilikuwa chini ya nusu ya asilimia, sheria ya wakati huo ilitaka kura zote zihesabiwe upya kwa mkono.

Bodi iliyosimamia kazi hiyo iliongozwa na Katibu wa Jimbo Mark Ritchie, mtu wa Democratic, na Coleman alikuwa na kila sababu ya kumtazama kwa jicho la pembeni. Lakini pamoja na Ritchie walikaa majaji wanne, wakiwemo Jaji Mkuu Eric Magnuson na Jaji G. Barry Anderson, wote wawili wakiwa wameteuliwa na gavana wa Republican, Tim Pawlenty. Vikao vyao vilirushwa moja kwa moja, na wananchi wakawa mabingwa wa kubishana juu ya kiduara kilichotiwa wino nusu. Karatasi moja ilikuwa na alama kwa Franken, kisha mpiga kura akaandika kwa mkono "Lizard People", yaani watu-mijusi, kama chaguo lake. Bodi iliikataa kwa kuwa mtu hawezi kuchagua wawili. Nimeona watu wakiitumia karatasi hiyo kuudhihaki uchaguzi mzima. Mimi naiona kinyume chake: majaji wanne na katibu wa jimbo waliketi wakajadili kwa uzito kura ya mtu aliyekuwa akifanya mzaha.

Kasoro ya kwanza ya kweli ilitokea Minneapolis. Katika kituo kimoja karibu na chuo kikuu, bahasha yenye kura 133 ilipotea kati ya usiku wa uchaguzi na siku ya kuhesabu upya. Haikuonekana tena. Bodi iliamua kutumia hesabu ya mashine ya usiku ule, na uamuzi huo ulimwokolea Franken kura 46. Upande wa Coleman ulihoji: kuhesabu upya kwa mkono kuna maana gani, kama mahali ambapo hakuna karatasi tunarudi kwa mashine? Swali hilo ni halali. Lakini watu 133 walifika kituoni, wakaandikishwa, kura zao zikapita kwenye mashine. Kuwafuta kwa sababu ofisi ilipoteza bahasha kungekuwa kuwaadhibu wao kwa uzembe wa karani. Hata hivyo kumbuka hapa ni Franken aliyenufaika na ulegevu, maana baadaye atasimama na ukali.

Hapo ndipo tunafika kwenye kiini cha ugomvi: kura za watu ambao hawakufika kituoni. Nitaziita kura za posta, ingawa nyingine zililetwa kwa mkono. Zilikuwa karibu laki tatu, na takriban 12,000 zilikataliwa. Sheria ya Minnesota ilidai mengi. Mpiga kura alipaswa kutoa sababu inayokubalika, mfano safari au ugonjwa. Bahasha yake ilihitaji sahihi yake na ya shahidi, na shahidi awe mpiga kura aliyeandikishwa Minnesota au mthibitishaji wa nyaraka. Sahihi ya bahasha ilinganishwe na ile ya fomu ya maombi.

Mwezi Novemba, Franken akiwa nyuma, kambi yake iliimba wimbo mmoja: bahasha zilizokataliwa kimakosa zifunguliwe, kila kura ihesabiwe. Kambi ya Coleman ilipinga, ikisema hilo si suala la kuhesabu upya. Desemba Mahakama ya Juu iliamuru bahasha ambazo maofisa na kambi zote mbili wanakubaliana kwamba zilikataliwa kimakosa zifunguliwe. Zilifunguliwa 933. Franken, ambaye kufikia hapo alikuwa mbele kwa kura 49 tu, akaongeza 176. Januari 5, 2009 bodi ikaidhinisha ushindi wake wa kura 225.

Kesho yake Coleman alifungua kesi, na nafasi zikabadilishwa. Sasa Coleman ndiye aliyetaka maelfu ya bahasha zifunguliwe kwa jina la haki ya kila mpiga kura, na Franken ndiye aliyeshikilia kwamba sheria ifuatwe herufi kwa herufi. Si ajabu. Mwenye deni la kura hutafuta kura, mwenye akiba hulinda akiba. Ndiyo sababu naona hakuna faida kupima kambi hizi kwa usafi wa nia. Tupime hoja.

Hoja ya Coleman ilikuwa hivi. Minnesota ina kaunti 87, na makarani wake hawakuitumia sheria kwa namna moja. Kaunti nyingine zilitafuta jina la shahidi kwenye daftari la wapiga kura, nyingine hazikujisumbua. Nyingine zilikagua sahihi kwa ukali, nyingine ziliacha zipite. Matokeo yake, watu wawili wenye kasoro ileile walitendewa tofauti: aliyeishi upande huu wa mpaka wa kaunti alihesabiwa, wa upande wa pili akatupwa. Akaegemea hukumu ya Bush dhidi ya Gore ya mwaka 2000, ambayo ilisimamisha kuhesabu upya Florida kwa sababu kura hazikupimwa kwa kigezo kimoja.

Na makarani walipopanda kizimbani, ushahidi wao ulimuunga mkono. Walikiri kwamba walifanya kazi kwa namna tofauti. Hakuna aliyeweza kusema kwamba kura zote za posta zilizomo masandukuni zilitimiza masharti, na pengo lilikuwa dogo kuliko makosa yanayoweza kukisiwa. Mimi nikiwa mkazi wa kaunti kali, bahasha yangu ikikataliwa wakati ya binamu yangu yenye dosari ileile imekubaliwa, nisingeridhika kuambiwa sheria ni msumeno. Msumeno huu ulikata kwa kutegemea anwani.

Ila swali la mahakama halikuwa tu kama kuna kasoro. Lilikuwa ni nini kifanyike. Kura zilizokubaliwa kimakosa zilikwisha kuchanganyika na nyingine. Kura ni siri, hakuna awezaye kuzitoa tena. Basi dawa aliyoitaka Coleman ilikuwa kuongeza kura nyingine zisizotimiza sheria ili kosa lienee sawasawa. Hapo ndipo hoja yake inapoishiwa pumzi. Jopo la majaji watatu lililosikiliza kesi lilikataa, likafungua bahasha 351 tu zilizothibitika kuwa halali. Franken alipata 198 kati yake, Coleman 111, zilizobaki zikaenda kwa wengine. Ndipo pengo likafika 312: kura 1,212,629 dhidi ya 1,212,317.

Mahakama ya Juu iliunga mkono hukumu hiyo kwa kauli moja, majaji watano kwa sifuri. Magnuson na Anderson walijitoa kwa kuwa walikaa kwenye bodi. Ilisema Florida haikuwa na kigezo kimoja kabisa, ilhali Minnesota ilikuwa na sheria moja iliyo wazi. Makarani kutofautiana katika kuitekeleza hakuvunji usawa wa kikatiba, ila pale panapothibitishwa ubaguzi wa makusudi. Kwa mpiga kura aliyetupwa, kigezo hicho ni kikali mno: kinasema uzembe unavumilika, njama haivumiliki. Lakini kingelegezwa, kila uchaguzi wenye pengo dogo ungeweza kubatilishwa, maana hakuna nchi wala kaunti ambayo makarani wake hufanya kazi kama mashine moja.

Kulikuwa na njia ya tatu, kurudia uchaguzi. New Hampshire ilipita huko. Mwaka 1974 Louis Wyman alimshinda John Durkin kwa kura 355. Zilipohesabiwa upya Durkin akawa mbele kwa 10. Kisha tume ikampa Wyman ushindi wa kura mbili. Seneti, ambayo kikatiba ndiyo mwamuzi wa viti vyake, ilivutana kwa miezi hadi ikatangaza kiti kiko wazi. Septemba 1975 watu walipiga kura upya, Durkin akashinda kwa zaidi ya kura 27,000. Jibu likawa wazi, na anayependa marudio ana mfano mzuri hapo. Shida ni kwamba waliojibu si walewale walioulizwa mwanzo. Uchaguzi wa Minnesota ulifanyika siku ileile Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais. Marudio ya kiangazi cha 2009 yangeleta wapiga kura wengine na swali jingine.

Kinachonisumbua zaidi ni kiti kukaa wazi. Tangu Januari 3 hadi Franken alipoapishwa Julai 7, Minnesota ilikuwa na seneta mmoja, Amy Klobuchar. Franken aliomba apewe hati ya ushindi wakati kesi ikiendelea; Machi mahakama ilikataa kwa kuwa sheria ya jimbo ilitaka kesi iishe kwanza. Utetezi wa sheria hiyo ni kwamba usimwapishe mtu ambaye huenda ukamtoa kesho. Lakini inamzawadia anayechelewesha. Baada ya seneta Arlen Specter kuhamia Democratic mwezi Aprili, kiti hiki kikawa cha 60 kwa upande wa Democratic, idadi ya kuvunja ukwamishaji wa miswada unaofanywa na wachache Seneti. Kila mwezi wa rufaa ulikuwa na thamani Washington, bila kujali nafasi ya Coleman kushinda. Sheria ya bima ya afya ilipita Seneti Desemba 24, 2009 kwa kura 60 kwa 39. Coleman alikuwa na haki ya kukata rufaa. Ila sidhani wananchi wa jimbo walipaswa kulipia haki hiyo kwa nusu ya uwakilishi wao.

Coleman alikubali kushindwa siku ileile ya hukumu, na Pawlenty, mtu wa chama chake, akatia sahihi hati ya Franken jioni hiyo. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha marekebisho: bodi maalumu za kukagua kura za posta, namba za vitambulisho kutangulia macho ya karani katika kulinganisha bahasha, na karatasi mpya kwa mtu ambaye bahasha yake imekataliwa mapema. Mwaka 2013 sharti la kutoa sababu likaondolewa. Ukiisoma orodha hiyo, ni malalamiko yaleyale ya mahakamani yaliyogeuzwa kuwa vifungu.

Utaratibu mpya ulijaribiwa haraka. Novemba 2010 Mark Dayton alimzidi Tom Emmer kwa takriban kura 8,800 katika ugavana, chini ya nusu ya asilimia, na jimbo likahesabu tena. Pengo hilo lilikuwa kubwa zaidi, kwa hiyo halithibitishi mengi. Lakini kura za posta hazikuzua vita safari hiyo, na Emmer alikubali matokeo mwezi Desemba, kabla ya siku ya kuapishwa.