CAIA kwa mchambuzi wa Nairobi: je, gharama yake inalipa?

Msimu wa mitihani ya Machi na Septemba unapokaribia, wachambuzi vijana katika kampuni za uwekezaji hukabiliwa na uamuzi mmoja: wajisajili CAIA au watosheke na vyeti walivyo navyo? Cheti hiki cha uchambuzi wa uwekezaji mbadala hutolewa na chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 2002. Kina ngazi mbili, na kila moja hudai ada inayozidi dola 1,000 na saa zisizopungua 200 za kusoma. Kinafundisha karibu kila kilicho nje ya hisa za sokoni na hati fungani: majengo, miundombinu, mashamba, mikopo inayotolewa kwa kampuni nje ya benki na soko la hati, kampuni zisizoorodheshwa kwenye soko la hisa, na hejifandi, yaani mifuko ya wawekezaji wakubwa inayotumia mbinu nyingi, ikiwamo kukopa na kubashiri bei kushuka. Kisha kinafundisha jinsi ya kuvipanga vyote katika kapu moja la uwekezaji.

Wanaokipinga wana hoja nzito. Kanuni za Kenya zinaruhusu mfuko wa pensheni kuweka hadi asilimia 10 ya mali yake katika kampuni zisizoorodheshwa, lakini fedha zilizokwisha kuwekwa huko ni kidogo mno ukilinganisha na ukomo huo. Karibu nusu ya mali yote ya pensheni imo katika hati za serikali. Na kwa nini isiwe hivyo? Februari 2024 serikali iliuza hati fungani ya miundombinu ya miaka 8.5 kwa riba ya asilimia 18.46. Mdhamini, yaani msimamizi wa mfuko kwa niaba ya wanachama, aliyeiona riba hiyo hana haraka ya kufunga fedha za wanachama kwa miaka kumi kwa meneja anayedai asilimia 2 ya mtaji kila mwaka na asilimia 20 ya faida. Mchambuzi anaweza kufaulu ngazi zote mbili, arudi ofisini, akakuta kazi yake ni ile ile ya kupanga hati za muda mfupi na mrefu.

Tena cheti si kinga. Abraaj, kampuni ya uwekezaji ya Dubai iliyokuwa na ofisi Nairobi na iliyoinunua mikahawa ya Java House mwaka 2017, iliporomoka mwaka 2018 baada ya wawekezaji wa mfuko wake wa afya wa dola bilioni 1 kuhoji fedha zao zimetumikaje. Miongoni mwao ulikuwamo wakfu wa Gates. Hawa si watu wanaokosa wataalamu.

Pamoja na hayo, ipo sura moja ya mtaala huo ambayo kwangu inatosha kuutetea: ile inayohusu bei za mthamini, yaani mtaalamu anayekadiria thamani ya mali. Jengo halina bei ya kila siku. Mthamini huja mara moja kwa mwaka, na kwa kawaida huanzia kwenye thamani ya mwaka uliopita, akaisogeza kidogo. Tuseme asilimia 60 ya faida anayoripoti ni mwangwi wa ile ya mwaka jana, na asilimia 40 tu ndiyo habari mpya ya soko. Ikiwa mwaka jana taarifa ilionyesha faida ya asilimia 8 na mwaka huu inaonyesha 2, ondoa mwangwi: 2 kutoa 4.8 ni hasi 2.8; gawanya kwa 0.4, unapata hasi 7. Wadhamini wamesomewa faida ndogo, kumbe soko limewapa hasara ya asilimia 7.

Madhara yake kwenye kapu zima ni makubwa. Kwa kiwango hicho cha mwangwi, mtikisiko, yaani kupanda na kushuka kwa faida, unaoonekana kwenye taarifa ni nusu ya ule wa kweli. Ukiiingiza namba hiyo katika hesabu za mwanauchumi Harry Markowitz za mwaka 1952 za kupima faida dhidi ya mtikisiko, ambazo bado ndizo msingi wa programu nyingi za kupanga uwekezaji, programu itakuambia ujaze majengo mpaka juu, kwa kuwa yanaonekana yana faida ya hisa na utulivu wa hati fungani.

Nairobi tuna ushahidi wake. Vipande vya mfuko wa majengo wa Fahari viliorodheshwa kwenye soko la hisa Novemba 2015 kwa shilingi 20. Baada ya miaka michache vilikuwa vikiuzwa chini ya shilingi 7, ilhali vitabu vya mfuko vilionyesha thamani ya zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo walipewa nafasi ya kuuza kwa shilingi 11, na mwaka 2024 mfuko ukaondolewa kwenye soko kuu. Majengo yalikuwa yale yale. Sidai kwamba soko ndilo lilikuwa sahihi. Biashara ya vipande hivyo ilikuwa hafifu, na anayeuza kwa dharura hupokea anachopewa. Lakini mdhamini asiyeweza kueleza pengo hilo hana msingi wa kupigia kura ununuzi wa jengo jingine.

Udhaifu wa mtaala naouona uko kwingine. Mifano yake mingi inatoka kwa taasisi kama Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, ambako David Swensen aliongoza uwekezaji tangu 1985 hadi kifo chake mwaka 2021. Chuo kina umri usio na mwisho na wafadhili wanaoendelea kuchangia. Mfuko wa pensheni wa kampuni yenye wafanyakazi 300 hauko hivyo: kampuni ikipunguza watu, kundi zima hudai akiba kwa pamoja, na ghorofa haliuzwi vyumba viwili viwili ili kuwalipa. Hesabu ya ukwasi, yaani ya fedha zinazoweza kupatikana haraka, kwa mfuko kama huo mchambuzi atalazimika kuijenga mwenyewe.

Kwa hiyo kijana anayetafuta ajira ya kwanza simshauri alipe ada hiyo kutoka mfukoni mwake. Waajiri wanaodai CAIA hapa ni wachache, na CFA, cheti cha uchambuzi wa uwekezaji kwa ujumla, au cheti cha uhasibu humfungulia milango mingi zaidi. Ninayemshauri ni yule ambaye tayari anaandaa makabrasha ya kamati ya uwekezaji yenye majengo au kampuni zisizoorodheshwa ndani yake, na ada hiyo ilipwe na mwajiri. Fedha zinazoamuliwa kwenye kikao hicho ni za wanachama, na wengi wao hawatapata nafasi ya kumuuliza mthamini alianzia wapi.